Impreza ya tabo inayochemsha Kitonga: je, dawa ni rejeta kubwa?

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Ninaishi Iringa na ninamiliki Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2004, injini EJ207, niliyoagiza kutoka Japani. Nimeifanyia mabadiliko: tabo kubwa zaidi (kifaa kinachozungushwa na moshi wa eksozi na kuisukumia injini hewa), intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) ya mbele nyuma ya bampa, eksozi ya inchi 3, na kompyuta ya injini imepangwa upya ili busti, yaani presha ya hewa ya tabo, ifike bar 1.5, nikaambiwa kwamba sasa ina nguvu za farasi takribani 350. Nikiwa Dar es Salaam mshale wa joto hautikisiki hata kwenye foleni ya mchana na kiyoyozi kimewashwa. Tatizo ni mlima Kitonga, kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Iringa. Mara mbili sasa mshale umepanda ghafla nikiwa katikati ya mlima, na mara ya pili maji yalifurika na kumwagika kupitia tangi la akiba. Fundi alitoa thamostati (vali inayofungua njia ya maji kulingana na joto) na kuunga feni moja kwa moja, lakini safari iliyofuata hali ilikuwa ileile. Sasa nimetajiwa bei ya rejeta ya alumini yenye unene mara mbili ya iliyopo. Je, niinunue?

Jibu: Marahaba, ndugu msomaji. Usiinunue bado. Huenda mwishoni tukaifikia hiyo rejeta, lakini maelezo yako yana mambo mawili ambayo rejeta haiwezi kuyatibu: mshale ulipanda ghafla, na maji yalitoka kupitia tangi la akiba wakati injini ilikuwa ikivuta kwa nguvu. Gari ambalo rejeta yake imezidiwa tu hupandisha joto taratibu, kilometa baada ya kilometa, na dereva mwangalifu huliona tatizo likija. Gari ambalo joto lake linaruka ndani ya dakika moja mara nyingi limepoteza maji, au lina hewa ndani ya mfumo, au linasukuma gesi ya silinda kwenye njia za maji. Ukifunga rejeta ya bei kubwa kwenye injini ambayo gasketi yake imeanza kuvuja, utakuwa umenunua wiki chache za matumaini.

Tuanze na mshale wa dashibodi, ambao unaaminiwa kuliko unavyostahili. Katika magari mengi ya kisasa umepangwa kwa makusudi ukae katikati kwenye upana mkubwa wa joto, ili mwenye gari asishtuke kila anaposimama kwenye taa. Injini inaweza kutoka nyuzi joto 80 hadi karibu 100 bila mshale kusogea, na unapoanza kupanda mambo huwa yameshaharibika. Isitoshe, sensa husoma joto la kitu kinachoigusa. Maji yakipungua na sensa ikabaki kwenye mvuke au hewa, inaweza kuonyesha joto dogo kuliko lile lililomo kwenye chuma. Kwa hiyo fedha ya kwanza utakayotoa mfukoni iende kwenye geji ya pembeni yenye sensa yake, iliyofungwa kwenye hozi ya juu ya rejeta kwa kiungo cha alumini, na kama mfuko unaruhusu ongeza nyingine ya joto la oili. Kwa EJ207 iliyo nzima, mimi hutegemea kuona nyuzi 85 hadi 95 katika mwendo wa kawaida, na kukaribia 100 kwa muda mfupi unapokandamiza mafuta. Ikifika 105, toa mguu. Ikifika 110, tafuta pa kusimama.

Sasa tuutazame mlima wenyewe, maana wengi hudhani gari linachemsha Kitonga kwa sababu ya kupanda polepole nyuma ya malori, na hesabu inasema vingine. Gari lenye uzito wa kilo 1,600 pamoja na abiria, likipanda mwinuko wa asilimia 10 kwa kilometa 20 kwa saa, linahitaji kilowati 9 hivi za kulinyanyua, kazi ambayo bajaji mbili zikisaidiana zingeiweza. Ila mwenye Impreza ya farasi 350 hapandi hivyo. Anakaa nyuma ya lori dakika tatu, anaona upenyo, anakandamiza mafuta hadi mwisho kwa sekunde nane au kumi, anayapita malori mawili, kisha anashika breki nyuma ya la tatu. (Sikuungi mkono katika hilo, kwa kuwa kona za Kitonga hazina msamaha, lakini najua ndivyo inavyofanyika.) Katika sekunde hizo injini inatoa kilowati 260 hivi kwenye magurudumu na sanduku la gia, na huku inatupa kwenye maji joto la karibu kilowati 200, yaani sawa na birika 100 za umeme za kilowati 2 zikichemka kwa pamoja. Joto hilo haliondoki papo hapo. Linabaki kwenye chuma cha hedi (sehemu ya injini inayofunika silinda), kwenye oili na kwenye ganda la tabo, kisha linahamia kwenye maji wakati ambapo umeshapunguza mwendo na upepo wa mbele umekatika. Ndiyo maana utaapa kwamba gari limechemsha ukiwa unatambaa, ilhali ugonjwa liliupata dakika mbili kabla.

Kimo nacho kinachangia. Iringa mjini ni takribani mita 1,550 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa asilimia 17 hivi kuliko ya pwani, hivyo kila pumzi inayopita kwenye rejeta inabeba joto pungufu kuliko ilivyokuwa Dar es Salaam. Wakati huohuo tabo inalazimishwa kufanya kazi kubwa zaidi. Ili ikupe bar 1.5 kwenye geji ukiwa pwani, inaikandamiza hewa mara 2.5 ya ilivyoingia. Ukiwa Iringa, kwa geji ileile, inaikandamiza karibu mara 2.8. Hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi 30 hutoka kwenye tabo ikiwa na zaidi ya nyuzi 150 pwani na karibu 170 huko juu, na mzigo huo wote unaangukia intakula ambayo, kwenye gari lako, imesimama mbele ya rejeta. Linganisha sasa na foleni ya Dar es Salaam, ambako busti haipo kabisa na injini inanguruma tu, na utaona kwa nini kupona kwenye foleni hakuthibitishi chochote kuhusu mlima. Kinachothibitishwa na foleni ni kwamba feni zako zilikuwa nzima kabla fundi hajazigusa. Alitibu kiungo ambacho hakikuumwa.

Kabla ya kugusa kitu kikubwa, angalia vifuniko. Nasema vifuniko kwa wingi kwa sababu Impreza ya tabo ya umri wa lako ina viwili: kimoja kwenye tangi dogo la chuma lililo juu ya injini, ambako ndiko maji hujaziwa, na kingine kwenye rejeta. Havilingani presha. Kile cha tangi dogo hufunguka mapema, takribani bar 1.1, ili maji yaliyozidi yaende kwenye tangi la akiba, na cha rejeta ni kigumu zaidi. Mafundi wakivibadilishana bila kujua, mfumo mzima unapoteza mpangilio. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo na hakuna anayekishuku, ilhali kwenye nyanda za juu ndicho kinachokutenganisha na balaa. Maji matupu yasiyo na presha huchemka kwa nyuzi 95 hivi Iringa. Feni za gari lako huanza kuzunguka karibu na joto hilohilo. Maana yake ni kwamba kifuniko kilichochoka, ambacho springi yake imelegea au raba yake imepasuka, kinaruhusu maji yachemke kabla hata feni hazijaamka, wakati kifuniko kizima kingeyazuia hadi kupita nyuzi 118. Nunua viwili vipya halisi, kila kimoja cha mahali pake, leo hii.

Halafu gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na silinda. Hapa ndipo ninapokuomba utulie, kwa sababu ndipo ninapoishuku zaidi. Injini ya EJ ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na ukiongeza busti kupita ilichopangiwa, presha ndani ya silinda inaweza kuinyanyua hedi kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha ikarudi mahali pake. Kila inaponyanyuka, gesi ya moto inapenya kwenye njia ya maji, inayasukuma maji kwenda tangi la akiba, na kuacha hewa mahali palipokuwa na maji. Ukiendesha taratibu hakuna dalili yoyote, kwa sababu hakuna presha ya kuinyanyua. Dereva anasema gari ni zima, na kweli ni zima, mpaka akandamize mafuta.

Kuna vipimo vitatu unavyoweza kufanya, na viwili havina gharama. Asubuhi kabla hujawasha gari, injini ikiwa imelala usiku kucha, ifinye hozi ya juu ya rejeta kwa vidole. Inapaswa kuwa laini kama kandambili ya zamani. Ikiwa ngumu, ndani kuna presha ambayo haikutokana na joto, kwa kuwa joto halipo, na gesi ya silinda ndiyo ya kwanza kushukiwa. Cha pili, injini ikiwa bado baridi, fungua kifuniko cha tangi dogo, weka faneli inayobana vizuri, jaza maji hadi yaonekane kwenye faneli, kisha washa na uangalie kwa dakika kumi na tano. Mapovu makubwa machache ya mwanzo ni hewa iliyonaswa ikitoka, na yatakwisha. Mapovu madogomadogo yanayopanda bila kukoma, kama ya soda iliyofunguliwa sasa hivi, hayatakwisha, na hayo ndiyo jibu. Cha tatu ni kipimo cha kemikali ya buluu inayovutishwa hewa ya juu ya maji na kugeuka njano ikikutana na gesi ya moshi; gereji zenye vifaa wanacho. Kifanye mara tu baada ya kuendesha kwa busti, gari likiwa la moto, na anayekifungua kifuniko awe mtu anayejua kuishusha presha taratibu kwa kitambaa kizito, kwa sababu kipimo kilichofanywa baridi kinaweza kukuambia uongo.

Kipimo kikithibitisha uvujaji, acha habari ya rejeta na uandae bajeti ya injini. Itashushwa, hedi zote mbili zitapimwa na kusawazishwa kwa mashine, gasketi za chuma za tabaka kadhaa zitawekwa, na kwa busti unayoitumia wewe nisingerudisha boliti za zamani. Ningeweka stadi (vyuma vya nyuzi vinavyokazwa kwa nati) zilizo imara zaidi. Usikubali dawa ya unga ya kuziba matundu. Inaziba kila kitu, kuanzia mishipa ya rejeta hadi njia nyembamba za maji zinazolisha tabo.

Tuseme gasketi ni nzima. Basi kazi inayofuata ni kurudisha thamostati, na hapa sina lugha ya upole. Desturi ya kutoa thamostati imeua injini nyingi katika nchi yetu kuliko ilizookoa. Hoja ya fundi ni kwamba bila kizuizi maji yatapita mengi, na hoja hiyo ina mantiki mpaka ufungue injini na kuona njia zenyewe. Katika injini nyingi thamostati huamua maji yapite wapi: ikiwa baridi huyazungusha ndani, na ikipata joto hufungua njia ya rejeta huku ikiibana ile njia ya mkato. Ikiondolewa, sehemu ya maji ya moto hupata njia rahisi ya kurudi kwenye injini bila kuonana na rejeta. Pia injini huchelewa kupata joto lake la kazi, kompyuta huendelea kumwaga petroli nyingi kwa kudhani ni asubuhi, na oili huchafuka mapema. Kwenye EJ thamostati iko chini, upande ambao maji yanaingia kwenye pampu. Huanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80 na kufunguka kabisa kwenye 91. Nunua halisi. Zile za bei nafuu unazoziona madukani mara nyingi ni ndogo kwa umbo, na ukiziweka mkononi pamoja na ile halisi huhitaji mtaalamu wa kukuonyesha tofauti.

Feni zilizoungwa moja kwa moja zirudishwe kwenye rilei zake (swichi za umeme zinazoziwasha) pia, na kabla hazijarudishwa zifanyie kipimo cha karatasi. Washa feni, shika karatasi moja ya daftari mbele ya grili: inapaswa kuvutwa na kung'ang'ania. Miaka kadhaa iliyopita niliuza rejeta mpya kwa mteja aliyekuja na Forester ya tabo iliyokuwa ikichemsha, nikaifunga kwa mikono yangu, na wiki iliyofuata akarudi na tatizo lilelile. Nilipoweka karatasi ikarushwa usoni kwangu. Gereji aliyotoka iliunga waya za mota kinyume, feni zikawa zinasukuma hewa kwenda mbele, zikipigana na upepo wa gari lenyewe. Kwenye mwendo wa kasi upepo ulishinda, kwenye mwendo wa polepole hakuna aliyeshinda. Nilimrudishia fedha ya ufundi. Tangu siku hiyo karatasi inakaa kwenye droo ya kwanza ya meza yangu.

Sasa njia ya hewa. Fundi aliyenifunza kazi alikuwa na msemo wake kuhusu mabadiliko kama ya kwako: intakula itakula, na itakula hewa ya rejeta. Impreza ilitoka kiwandani na intakula juu ya injini, ikipata upepo kupitia tundu la boneti, na rejeta ikaachiwa mbele yote ikishirikiana na kondensa ya kiyoyozi pekee. Wewe umesimamisha ukuta wa tatu, tena ukuta wa moto, na sina shaka kwamba ili uingie, bampa ilikatwa, plastiki za kuelekeza upepo zikaondolewa na kikingio cha chini ya injini kikabaki gereji. Hewa ni mvivu kama maji ya mtaroni, hupita palipo rahisi. Ikiona nafasi ya vidole vitatu pembeni ya intakula itapita hapo, itaizunguka rejeta na kutokea chini bila kugusa pezi hata moja. Kwa hiyo ziba: karatasi nyembamba ya alumini pande zote mbili kutoka mdomo wa bampa hadi fremu ya rejeta, sponji ngumu juu na chini, na kikingio cha chini kirudi mahali pake, kwa kuwa ndicho kinachofanya chumba cha injini kivute hewa badala ya kuijaza. Kazi hii ni ya siku moja na vifaa vyake havifiki hata robo ya bei ya rejeta uliyotajiwa, na mara nyingi nimeona ikishusha joto kuliko rejeta yenyewe.

Vijana wengi huinua nyuma ya boneti kwa kuweka washa (vipete vya chuma) kwenye bawaba ili joto litoke. Gari likisimama, ni kweli hutoka. Likikimbia, chini ya kioo cha mbele panakuwa na presha kubwa ya upepo, na hewa huingia badala ya kutoka, ikiizuia ile inayotaka kupita kwenye rejeta. Kama unataka matundu, yawe kwenye theluthi ya mbele ya boneti, karibu na nyuma ya rejeta.

Pia kagua uchafu uliojificha kati ya kondensa na rejeta, kwa sababu kwa mbele huonekana safi. Usiku, weka tochi upande wa injini na utazame kwa mbele. Mahali ambapo mwanga haupiti, hewa nayo haipiti. Gari linalosafiri mara kwa mara kupitia Mikumi hadi Ruaha Mbuyuni hukusanya mbegu za nyasi, panzi, na msimu wa mvua kumbikumbi wanaogeuka gundi. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje, la sivyo utakuwa unashindilia.

Kuhusu maji yenyewe nitakuwa mfupi. Maji ya kisima, hasa yale ya chumvi ya Dar es Salaam, hayafai. Tumia yaliyosafishwa kwa kuchemshwa na kutoneshwa kama ya betri, ukichanganya na kulanti (dawa ya maji ya rejeta) ya asilimia 30 hadi 50. Hatuna barafu ya kuogopa, ukiacha asubuhi chache za Juni na Julai huko Njombe na Makete, hivyo kazi kubwa ya kulanti kwetu ni kuzuia kutu na kulinda pampu. Unapojaza, inua pua ya gari, fungua skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya rejeta, weka hita kwenye moto wa mwisho, jaza polepole kupitia tangi dogo la juu ya injini hadi maji yatoke bila mapovu, kisha funga. Injini hii hunasa hewa kwa urahisi mno, na pengine fundi wako alipotoa thamostati alijaza kwa haraka na kuiacha hewa ndani. Na kama hujui mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, chukulia kwamba haukubadilishwa. Pampu ya maji inazungushwa na mkanda huo, na vyote viwili hubadilishwa pamoja kila kilometa 100,000.

Kisha kuna jambo ambalo wenye magari ya aina yako hawapendi kulisikia. Joto hupoozwa kwa rejeta, lakini linazaliwa kwenye silinda, na aliyeipanga kompyuta yako ana sehemu yake ya lawama ikiwa aliipanga pwani, kwa siku moja, bila kufikiria mlima. EJ207 ilipangwa kiwandani kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, yenye oktani karibu 100, na petroli ya vituo vyetu vya kawaida iko chini ya hapo. Kwa oktani ndogo na busti kubwa, mchanganyiko huripuka kabla ya wakati, na mripuko wa namna hiyo huondoa utando wa gesi unaolinda kuta za silinda na kumimina joto moja kwa moja kwenye pistoni na hedi. Kompyuta ikijaribu kujiokoa kwa kuchelewesha cheche, moto unamalizikia kwenye eksozi na tabo inapata joto zaidi. Mwombe aliyekupangia akuwekee ramani ya pili (mpangilio mwingine wa kompyuta ya injini) ya bar 1.1 au 1.2 kwa safari za nyanda za juu, yenye cheche za tahadhari na mchanganyiko mnono, yaani hewa karibu 11 kwa petroli 1 kwenye busti kamili. Ukiona nakupunguzia raha, kumbuka kwamba Impreza zilizoshinda Safari Rally mwaka 1996, 1997 na 2000 zilibanwa na kanuni kupumua kwa tundu la milimita 34 na kubaki karibu na nguvu za farasi 300, na zilivuka Kenya nzima kwa hizo.

Oili nayo inabeba joto, na kwenye gari lako kipoza oili cha kiwandani, kile kilicho juu ya filta, hupozwa kwa maji yaleyale ya rejeta. Kufunga kipoza oili cha hewa chenye thamostati yake, mahali penye upepo wake peke yake na kamwe si mbele ya rejeta, huyapunguzia maji mzigo halisi. Oili ya sinthetiki ya 10W-50 inafaa kwa matumizi yako. Ikizidi nyuzi 130 kwenye geji, punguza mwendo hata kama maji yako sawa.

Baada ya yote hayo, ikiwa geji inaonyesha joto likipanda taratibu na kwa uthabiti kila unapopanda mlima, bila mapovu, bila hozi ngumu, mianya inayopoteza hewa ikiwa imezibwa na busti kwenye ramani imepunguzwa, hapo nunua rejeta. Chagua yenye kiini cha unene wa milimita 36 hadi 42 na matangi ya alumini yaliyochomelewa. Hiyo nene zaidi uliyotajiwa nisingeichukua nyuma ya intakula na kondensa, kwa sababu pezi za nyuma hupokea hewa ambayo imeshapata moto, na feni zako hazina nguvu ya kuivuta kupitia kuta tatu. Hakikisha fremu ya feni inaifunika rejeta yote.

Na barabarani, mpaka kazi iishe: kabla ya kuanza Kitonga zima kiyoyozi, panda kwa gia ya tatu au ya pili injini ikizunguka bila kubeba busti, na waache wenye haraka wapite. Joto likipanda, toa mguu, washa hita kwenye moto wa mwisho na feni yake kwa nguvu zote; ni rejeta ndogo ya pili, na miguu yako itaungua kwa faida. Ukipata pa kuegesha salama, weka pembetatu, fungua boneti, na ikiwa maji hayajamwagika iache injini ingurume ili pampu na feni ziendelee kufanya kazi. Ikiwa yamemwagika, zima mara moja. Usifungue kifuniko chochote kwa dakika 45 zisizopungua, na usimwage maji baridi kwenye injini ya moto, hata wasamaria wema wakisimama na madumu. Hedi za alumini hupinda kwa mshtuko huo.

Fanya kipimo cha hozi kesho asubuhi kabla hujawasha gari. Ukishafunga geji, safari ijayo andika namba tatu: joto la maji ukiwa Ruaha Mbuyuni, katikati ya mlima, na dakika mbili baada ya kufika juu. Nitumie hizo pamoja na majibu ya faneli, nami nitakuambia kama ni rejeta au ni gasketi.